Msizime Taa

Kwa miezi minane mimi na mume wangu tulijizoeza kila jioni kulitamka jina la Kichina la mtoto tuliyekuwa tumekubaliwa kumwasili, awe wetu kisheria. Katika Kichina sauti ikipanda au ikishuka maana hubadilika, kwa hiyo tulimwomba mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa Henan, jimbo alikotoka mtoto, atusahihishe, na tulipotua China mwezi Machi 2016 tuliweza kulitamka kama wanavyolitamka kwao. Siku ya kukutana naye, katika ukumbi wa ofisi ya masuala ya kiraia mjini Zhengzhou, mlezi aliingia amemshika mkono mtoto wa miaka miwili na miezi mitano, aliyevalishwa koti juu ya koti na suruali tatu kwa ajili ya baridi, naye mtoto akasimama ametupa mgongo, macho yote kwenye dirisha. Mume wangu akachuchumaa, akaliita lile jina. Mtoto hakugeuka. Tulijua kwamba asingegeuka, maana faili lake lilieleza wazi kwamba masikio yote mawili hayakuonyesha mwitikio wowote hata sauti ilipofikishwa desibeli 95; lakini ni pale ukumbini nilipoelewa kwamba jina lile halikuwa lake hata kidogo. Lilikuwa jina letu sisi tunaosikia, la walezi na makarani na mihuri, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kukutana nalo.

Mlezi alimgusa bega. Ndipo akageuka, akatuona, akaangua kilio ambacho hakikukoma kwa saa nzima, na sikumlaumu, kwa sababu watu wazima wawili weusi ambao hajapata kuwaona walikuwa wanamchukua kutoka kwa mtu pekee aliyemzoea, na hakukuwa na mtu wa kumweleza kwa nini. Alipochoka akakubali kukaa mapajani mwangu. Nilikuwa nikimsikiliza mkalimani akitufafanulia fomu, na katikati ya maelezo hayo mtoto akanishika kidevu kwa vidole vilivyonata biskuti, akaugeuza uso wangu umwelekee yeye. Mkalimani aliendelea kuzungumza, nami nikageuza tena uso kumsikiliza. Mtoto akanirudisha. Hakutaka maji wala kubebwa; alitaka uso wangu, na mara hiyo ya pili nilimwomba mkalimani atusubiri.

Inabidi nirudi nyuma, kwa sababu mimi nilikwishaiona shida hiyo ya kutafuta uso wa mtu muda mrefu kabla ya kufika Zhengzhou. Mdogo wangu wa kiume aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, akapona, lakini masikio hayakupona. Alipofikisha miaka minane akapata nafasi katika Shule ya Viziwi Buguruni, pale Dar es Salaam, na huko akapata lugha ya alama, marafiki, utani, na watu wa kugombana nao. Nyumbani hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza. Tulikuwa na ishara zetu chache za kienyeji: kula, kulala, njoo, baba anakuja, utachapwa. Jioni tulikaa mkekani tukizunguka sinia, mmoja anasimulia kisa, wengine tunacheka mpaka machozi yanatoka, naye anamvuta mtu shati, anauliza kwa mkono: nini? Anayevutwa humpungia kiganja mbele, maana yake baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Alipokuwa mtu mzima, fundi seremala mwenye karakana yake, aliniandikia kwenye simu sentensi ambayo sijaifuta mpaka leo: “Nimekula na nyinyi miaka kumi na mitano na sijui mlikuwa mnacheka nini.”

Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipokaa chini mwaka 2014 kuzungumzia kuasili mtoto, baada ya kijana wetu wa kwanza kufikisha miaka saba bila kupata mdogo, nilisema ningependa awe kiziwi. Mume wangu alinyamaza kwa siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza madarasa ya lugha ya alama yanaanza lini.

Tulitamani kwanza kumpata mtoto nyumbani Tanzania. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni anayeomba kuasili awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, nasi, tangu tuliposhika uraia wa Marekani, ni wageni katika nchi iliyotuzaa, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Sheria hiyo iliniuma lakini siilaumu. Nchi inayomwachia mgeni apite siku kumi na kuondoka na mtoto haijamlinda mtoto, na historia ya uasili wa kimataifa ina kurasa za aibu za watoto waliotolewa kwa hila na wazazi waliodanganywa kwamba mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Ndiyo sababu Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, unaosimamia uasili wa kimataifa, unataka kwanza ithibitishwe kwamba mtoto hawezi kupata familia inayofaa katika nchi yake, na kwamba hakuna aliyelipwa ili akubali kumtoa. China na Marekani zote zilikuwa ndani ya mkataba huo, na China ilikuwa na orodha ndefu ya watoto wenye mahitaji maalumu waliokuwa wakisubiri, viziwi wakiwemo.

Njia hiyo leo imefungwa. Mwezi Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba haitatoa tena watoto kwenda kuasiliwa nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Tangu mwaka 1992 walikuwa wameondoka watoto zaidi ya 160,000, nusu yao na zaidi wakija Marekani. Sina ugomvi na nchi kutaka kulea watoto wake yenyewe. Ninaowalilia ni watoto ambao tayari walikuwa wamekwisha kupangiwa familia, wameonyeshwa picha za watu wa kuwaita mama na baba, kisha safari zikasimama mwanzoni mwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na baada ya miaka minne ya kungoja wakaambiwa basi.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi wameyaeleza. Ripoti ya afisa ustawi wa jamii aliyekuja nyumbani kwetu Frederick, jimbo la Maryland, na kufungua mpaka kabati la dawa. Alama za vidole. Ripoti ya daktari. Hati ya polisi. Barua za mwajiri. Kila karatasi ilipigwa muhuri na mthibitishaji, ikathibitishwa na karani wa mahakama ya wilaya, ikaenda Annapolis, makao makuu ya jimbo, ikaenda Wizara ya Mambo ya Nje mjini Washington, na mwisho ubalozi wa China. Kikwazo kilikuwa vyeti vyetu vya kuzaliwa. Cheti kilichotolewa Tanzania ilikuwa sharti kithibitishwe Tanzania, ngazi kwa ngazi, na kimalizikie ubalozi wa China Dar es Salaam. Aliyelifanya zoezi hilo ni mdogo wangu.

Alizunguka siku kumi na moja akiwa na bahasha, kalamu na daftari dogo la shule. Kila dirisha aliandika: “Mimi ni kiziwi. Naomba kuthibitisha cheti cha dada yangu. Tafadhali niandikie.” Wapo waliomwandikia kwa upole, mmoja akamwachia hata kiti chake. Katika ofisi moja namba ziliitwa kwa mdomo. Akakaa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, watu waliokuja nyuma yake wakapita, na alipokwenda kuuliza akaambiwa kwa kuandikiwa kwamba ameitwa mara tatu na hakuitika. Alirudi kesho yake, akamwonyesha jirani yake kwenye benchi namba yake, akamwomba amguse ikifika. Nilipomtumia fedha za kumshukuru alizirudisha. Akaandika kwamba hakuwa akinisaidia mimi. Anamwandalia njia mpwa wake, kwani katika ukoo mzima yeye alikuwa peke yake na sasa watakuwa wawili.

Faili la mtoto lilitufikia mwaka 2015. Tulikuwa na saa 72 za kulisoma na kuandika barua ya kukubali au kuliachia familia nyingine. Ndani yake mlikuwa na vipimo, picha tatu, sentensi chache kuhusu chakula anachopenda, na maneno kwamba “ni mkaidi, haitiki akiitwa,” yaliyoandikwa ukurasa mmoja baada ya ule unaosema kwamba hasikii. Baadaye tulipewa pia nakala ya tangazo la gazeti lenye picha yake akiwa mchanga, lile ambalo sheria ya China inataka lichapishwe ili wazazi wapewe siku 60 za kujitokeza. Kipande hicho tumekihifadhi kwenye boksi la bati pamoja na nguo aliyokuja nayo. Binti yetu, ambaye sasa amevuka miaka kumi na moja, hukifungua mara kwa mara na kuangalia ile picha iliyofifia, na ameshaniuliza kwa mikono yake kama mama yule alikuwa anajua kwamba yeye ni kiziwi. Nilimjibu kwamba tangazo halisemi. Alilikunja vizuri, akalirudisha.

Wakati wa kungoja kibali cha kusafiri tulisoma lugha ya alama usiku, mara mbili kwa wiki, kwa mwalimu kiziwi ambaye hakuturuhusu kufungua mdomo darasani. Kijana wetu alitupita wote katika mwezi wa kwanza. Lugha ya Alama ya Marekani si Kiingereza cha mikono, kama nilivyodhani. Ina sarufi yake, nyusi zinauliza, bega linageuka kuonyesha nani anazungumza, na asili yake kwa sehemu kubwa ni Ufaransa, kwa kuwa mwalimu kiziwi Laurent Clerc ndiye aliyeivusha bahari na kuanza kuifundisha Hartford mwaka 1817. Mdogo wangu, ambaye lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania, alitukagua kwa video kila Jumapili na kunifundisha ya kwake pia, ili siku moja niweze kuzungumza naye bila daftari. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Wiki moja kabla ya kuondoka alinitumia ujumbe mrefu ambao ulikuwa na maagizo mengi, juu ya kutomfuata mtoto kwa nyuma na kumgusa ghafla, juu ya kukanyaga sakafu ili ahisi mtu anakuja, na mwishoni akaandika: “Usiku msizime taa. Nyinyi gizani mnasikiana. Kiziwi gizani yuko peke yake.”

Sheria za China zilitupa saa 24 za kukaa naye kabla ya kusaini hati ya mwisho, ili pande zote ziwe na hakika. Usiku wa saa hizo 24, hotelini, mtoto alikuwa ameshalala kifuani kwa mume wangu, nami kwa mazoea ya miaka yote nikachomoa ile kadi ya mlango kutoka kwenye kisanduku chake ukutani, na chumba kizima kikawa giza. Sikuwa nimesahau ujumbe. Mkono tu ulikwenda wenyewe. Mtoto aliamka. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, haikuwa kilio cha mchana, ilikuwa sauti ya mtu anayeanguka kisimani. Mume wangu akaanza kumwimbia. Aliimba wimbo ule ule aliomwimbia kijana wetu, alimbembeleza kwa maneno yote mazuri ya Kiswahili, na kila neno lilikuwa linapotea hewani, na nilikuwa nikipapasa ukuta nikitafuta kisanduku cha kadi huku nikiona sinia, mkeka, na mkono wa mdogo wangu ukiuliza nini.

Taa ilipowaka alikuwa ameketi kitandani, macho yanaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Yakatua usoni kwangu, yakahamia kwa mume wangu, yakarudi. Kilio kikakatika. Tangu hapo tulilala na taa ya bafuni ikiwaka na mlango umeachwa wazi kiasi cha kuuona uso, na bado nyumbani kwetu taa ya korido haizimwi.

Siku ya pili tulirudi ofisini tukasaini, tukaulizwa kama tunaahidi kutomtelekeza wala kumdhuru, tukaahidi, tukapewa hati yenye picha yetu watatu ambamo mtoto amenuna sana. Zilizobaki Zhengzhou zilikuwa siku za kungoja pasi yake ya kusafiria, na ndizo siku ninazozikumbuka kuliko sherehe yoyote. Aligundua kadi. Akaichomoa, akangoja, chumba kikazimika, akaichomeka, kikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mwanga uliporudi alitutazama kuhakikisha kwamba tungali pale. Kila mara nami niliinua mkono juu ya kichwa, vidole vikiwa vimekusanyika, nikavifungua kuelekea chini: taa. Mume wangu alifanya vilevile, na kijana wetu, aliyekuwa anatazama kwa video kutoka kwa shangazi yake Maryland, akafanya vilevile. Mtoto aliitazama mikono yetu kama mtu anayetazama mvua.

Siku ya tano tulikuwa kwenye chumba cha kulia, mbele ya bakuli la tambi na mchuzi wa kondoo ambalo ndilo chakula maarufu cha mji ule. Juu yetu palikuwa na taa kubwa ya vioo. Aliinua macho akaitazama, akaacha kijiko, akainua mkono wake wa kulia juu ya kichwa. Vidole havikukusanyika vizuri, kimoja kilibaki kimesimama peke yake. Akavifungua. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza nimtazame, akarudia. Miaka miwili na miezi mitano alikuwa ameishi duniani bila neno hata moja, na sasa alikuwa nalo. Mhudumu aliyekuwa akipanga vikombe alituona tunalia, mimi na mume wangu, akakimbilia kutuletea maji ya moto.

Kutoka Zhengzhou tulichukua treni ya mwendo kasi hadi Guangzhou, safari ya saa sita na zaidi, kwa kuwa viza zote za watoto walioasiliwa kwenda Marekani zilitolewa na ubalozi mdogo wa huko. Nilimbeba mgongoni kwa khanga, kama mama alivyonibeba. Kina mama wa Kichina kituoni walinizunguka wakiishikashika ile mbeleko, wakapandisha soksi za mtoto, wakanigombeza kwamba hajavaa vya kutosha, nami nikashukuru kugombezwa, maana ni ishara kwamba walimhesabu kuwa ana mama. Ndani ya treni, bila kufikiri, nikawa naimba kwa sauti ya chini. Nikahisi shavu lake likitulia katikati ya mgongo wangu na kubaki hapo. Niliponyamaza akainua kichwa. Nilipoendelea akalilaza tena. Mtetemo wa sauti yangu ulikuwa unamfikia kwa njia ya mfupa, na nilimwimbia mpaka Wuhan.

Guangzhou ina Waswahili wake. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaijua mitaa ya Xiaobei, na tulipokwenda huko siku tuliyokuwa tukisubiri majibu ya kipimo cha kifua kikuu, kinachotakiwa kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili, nilisikia Kiswahili cha Dar kabla sijamwona anayekizungumza. Dada mmoja alikuwa akihesabu viatu vya watoto ndani ya marobota. Alimtazama binti yetu mgongoni, akanisalimu, akauliza kwa huruma ya kweli: “Huyu ni bubu, dada?” Nikamwambia ni kiziwi, na kwamba tayari ana maneno sita. Aliweka kalamu chini. Akauliza viatu vinatajwaje. Nikamwonyesha, ngumi mbili zinazogongana kwa ubavu, naye akagonga zake mbele ya mtoto, taratibu, mara mbili, kisha akatoa katika robota jozi ndogo nyekundu akamvisha. Tulipotoka mlangoni binti yetu alikuwa na maneno saba.

Kwenye ubalozi mdogo tuliinua mkono wa kulia tukaapa kwamba tuliyoyasema ni kweli, tukapewa bahasha iliyofungwa ambayo hairuhusiwi kufunguliwa na mtu mwingine isipokuwa afisa wa uhamiaji, na baada ya siku mbili tukaruka kupitia Beijing. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 2000, mtoto aliyeasiliwa kikamilifu na raia huwa raia mara anapoingia nchini kwa viza ya uhamiaji. Afisa wa uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington, aligonga muhuri. Binti yetu alikuwa akitazama dari, akihesabu taa.

Frederick tuliichagua kwa bahati kabla hatujajua kwamba tutaihitaji: Shule ya Viziwi ya Maryland iko hapo tangu mwaka 1868, ni ya umma, haitozi ada kwa wakazi wa jimbo, na inawapokea watoto tangu uchanga pamoja na familia zao. Mwalimu kiziwi alikuja nyumbani kila wiki. Hakuja kumfundisha mtoto peke yake. Alikaa nasi mezani wakati wa chakula akatuonyesha jinsi ya kusubirishana ili mtu mmoja tu ndiye awe anazungumza, jinsi ya kuhamisha maua yanayoziba macho, na jinsi ya kumwambia mtoto hata mambo yasiyomhusu, kama vile baba kulalamikia bili ya umeme, kwa sababu mtoto anayesikia huyaokota hayo bila kufundishwa na ndiyo yanayomfanya ajue kwamba yumo nyumbani. Hilo la bili nililiandika ukutani jikoni.

Madaktari walimpima kwa makini. Picha ya MRI ilionyesha kwamba neva zake za kusikia ni nyembamba mno, kiasi kwamba kifaa cha kupandikizwa sikioni kisingemletea manufaa ya maana, kwa hiyo uamuzi unaozikondesha familia nyingi tuliondolewa mikononi. Nina maoni, hata hivyo, nami nayasema: kifaa kiwepo au kisiwepo, mtoto anyimwe vyote lakini asinyimwe lugha anayoweza kuiona tangu siku ya kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, watu kama baba na mama yangu, waliompenda mtoto wao kwa moyo wote na hawakujua wamfanyeje. Mama alipopata habari za mjukuu alinisihi kwa simu nimpeleke kwenye maombezi. Nilimwomba ajifunze maneno matano. Alijifunza ishirini, akifundishwa na mwanawe mwenyewe, karakana ikiwa imefungwa kila Jumamosi mchana kwa kazi hiyo.

Julai 2018 tulikwenda Dar es Salaam. Mdogo wangu, ambaye kwa binti yetu ni mjomba, alitusubiri uwanja wa ndege, na binti yetu, aliyekuwa na miaka minne na miezi tisa, akamtambua tangu mbali kwa mikono yake. Lugha zao za alama ni tofauti, lakini viziwi hukutana katikati ya njia kwa wepesi unaonitia wivu. Kabla hatujafika Ubungo walikuwa wakibishana kuhusu kama daladala ni basi au siyo. Kwa kawaida ya viziwi jina la alama, yaani ishara ya mkono ya kumtaja mtu, hupewi na anayesikia, hata awe mama yako, na tulikuwa tumengoja. Mjomba alimtazama siku tatu. Siku ya nne, tukiwa barazani, mtoto alikimbia kwake na swali, akamshika kidevu, akamgeuza. Mjomba akacheka, akashika kidevu chake mwenyewe kwa vidole viwili, akakisogeza kidogo pembeni, kisha akamnyooshea kidole: wewe. Akarudia mbele ya kila mtu nyumbani, mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi naye akaweza.

Usiku ule tulikula mkekani. Kaka yetu mkubwa alisimulia kisa cha jogoo wa jirani aliyeingia msikitini alfajiri akapanda kwenye mimbari, na watu wakaangua kicheko. Binti yetu akanivuta shati. Mkono wangu ulikuwa na tonge. Nililirudisha kwenye sinia, nikafuta vidole, nikaanza: jogoo, wa jirani, alfajiri. Nilimsimulia polepole, nikichanganya alama za kwake na za mjomba wake aliyekuwa ameketi nyuma ya bega lake. Nilipofika kwenye mimbari walicheka wote wawili kwa pamoja, wengine wakiwa wameshanyamaza, na mdogo wangu akaendelea kucheka peke yake, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaniomba nimsimulie tena tangu mwanzo.